Tisini na Nane ya Kuogelea

Katika ofisi ya shule ile palikuwa na mihuri saba, na yote ilikaa kwenye droo moja ambayo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa katibu. Kwa sababu hiyo walimu walimwita Mama Mihuri, wala yeye hakuchukia. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akichapa barua, akipokea simu na kuwatuliza wazazi waliokuja juu, na hakuna karatasi iliyotoka kwenye geti la shule bila kupita mikononi mwake. Alijivunia jambo hilo. Ndiyo maana hasira zilipompanda, mtu wa kwanza kumkasirikia alikuwa yeye mwenyewe.

Chanzo chake kilikuwa safu moja tu kwenye ripoti ya mwanafunzi, safu ya kuogelea. Wizara iliagiza kila mtoto wa shule ya msingi afundishwe kuogelea na apewe alama kila mwisho wa muhula. Agizo zuri kabisa. Mji wenyewe ulikuwa umejaa mashimo yanayofurika kila mvua ikinyesha, na shule ilikuwa na bwawa lake la kuogelea, lenye vigae vya bluu, lililojengwa na wafadhili na kuzinduliwa kwa utepe na hotuba ndefu. Maji yaliingia humo mara moja, siku ya utepe. Pampu ilipoharibika mwalimu mkuu akaona si vizuri nafasi ikae bure, akaamuru madawati mabovu yatupwe humo. Kufikia mwaka huu yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni.

Lakini alama zilitakiwa. Mwalimu wa hesabu, bwana mnene mwenye roho safi, akakabidhiwa filimbi na kuambiwa kuanzia leo wewe ndiye mwalimu wa kuogelea. Watoto wakamwita Nyangumi. Maji mengi aliyowahi kuingia maishani mwake ni ya beseni, ila alikuwa mtu wa kutii, akatafuta njia. Kila Alhamisi aliyatoa mabenchi uwanjani, akawalaza watoto kifudifudi juu yake, akawahesabia. Moja, mikono mbele. Mbili, mikono pembeni. Tatu, piga miguu. Nne, vuta pumzi. Aliyefuata hesabu bila kukosea na bila kuanguka kutoka kwenye benchi alipata A.

Mama Mihuri aliwaona kwa dirisha la ofisi, akacheka peke yake mpaka akajifuta machozi. Kisha muhula ulipokwisha alizichapa alama zile, akachukua muhuri wa IMETHIBITISHWA, akaupiga kwenye ripoti mia nne na sitini, moja baada ya nyingine, huku akinywa chai. Hakuna aliyemshika mkono.

Miongoni mwa ripoti hizo ilikuwemo ya mtoto wa kaka yake. Kaka alikuwa fundi mitambo, kazi ikampeleka mbali, akamwachia dada yake binti huyo amsomeshe. Binti alikuwa darasa la sita, mrefu, mwenye bidii ya kuudhi, yule mtoto anayerudia swali la mwalimu akiwa anakosha vyombo. Kwenye kuogelea alipata tisini na nane, wa kwanza shule nzima. Shangazi mtu alimsomea kaka yake alama hiyo kwenye simu, akairudia mara mbili, na kaka akacheka kwa furaha huko aliko.

Haya, Jumanne moja baada ya masomo binti huyo alipita na wenzake wawili kwenye mashimo ya wafyatua matofali. Mvua ilikuwa imeyajaza. Mmoja wao alikuwa akirusharusha kiatu chake, kikamponyoka, kikadondokea majini na kuanza kuelea kwenda katikati. Mwenye kiatu akaanza kulia, maana nyumbani angepigwa. Binti akavua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya tofali.

"Usilie," akasema. "Mimi najua kuogelea. Nina A."

Mfyatua matofali mmoja ndiye aliyemtoa, kwa mti mrefu wa kukorogea udongo. Ndiye pia aliyekuja hospitalini jioni hiyo, miguu ingali na tope kavu, akasimama mbele ya Mama Mihuri akiwa hajui mikono aiweke wapi.

"Mama, mimi nilidhani anacheza," alimwambia. "Alijilaza juu ya maji, akawa anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Akazama, akaibuka, nikamsikia tena anasema moja. Mara ya pili hakuibuka."

Mama Mihuri alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi na kukaa kando ya kitanda. Mtoto alikuwa na mpira wa hewa puani na sauti imekwaruza kama ya mzee. Alipofumbua macho hakuuliza habari ya kiatu wala ya wenzake.

"Shangazi, nilikosea wapi? Nilihesabu vizuri."

Hapo ndipo ilipomwingia. Huyu mtoto hakuwa mtundu, wala hakudharau la mkubwa. Alikuwa ameamini karatasi yenye muhuri wa shangazi yake, akaingia nayo majini. Mama Mihuri akamfunika shuka vizuri, akatoka nje kwenye korido, akalia kwa hasira.

Kaka yake alipopiga simu hakumfokea. Aliuliza tu, "Dada, si uliniambia anajua?" Bora angetukana.

Mtoto aliruhusiwa siku ya tatu. Siku hiyohiyo Mama Mihuri aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote kumi na minne. Mwalimu mkuu alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na kila neno lake lilipita kwenye tabasamu kwanza.

"Katibu, pole sana na mtoto. Si yuko hai? Basi tumshukuru Mungu," alisema. "Na mimi nimeshapata ufumbuzi. Jumamosi tunaita mkutano wa wazazi. Wakubali kwa kauli moja kwamba kuogelea ni hatari, tuiandikie wizara itusamehe hilo somo. Linafutwa, tunapumua."

"Hatari ni kuogelea, mwalimu, au ni kutojua kuogelea?"

"Mama, tusigombane kwa maneno. Mtoto ameingia majini kwa sababu alijiona anajua. Tukiondoa somo, hakuna atakayejiona anajua. Niandikie barua ya wito, niletee nisaini."

Alisema hivyo bila hata kupepesa macho. Mama Mihuri alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Mtu huyu alikuwa na bwawa la vigae uani mwa shule yake, amelifanya jaa la madawati, na leo anataka kumsingizia mtoto kosa la kuamini alichofundishwa. Alitaka kumpa za uso palepale. Lakini alijifahamu kwamba akianza hatamaliza vizuri, na tena angekuwa anaongea na mtu mmoja ndani ya mlango uliofungwa. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kwenye mashine yake.

Aliichapa barua kama alivyoagizwa, neno kwa neno. Chini kabisa, juu ya mahali pa saini, akaongeza mstari wake mwenyewe: Kila mzazi aje na ripoti ya mtoto ya muhula uliopita. Mwalimu mkuu hakuwahi kusoma alichosaini, maana kusoma ilikuwa kazi ya katibu. Akasaini akiwa kwenye simu.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Mwalimu mkuu alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema maji hayana rafiki. Alisema watoto ni amana. Mama mmoja muuza vitambaa akasimama akasema yeye watoto wake hataki hata wakaribie ndoo iliyojaa, na watu wakapiga makofi. Dereva mmoja wa lori, mtu wa sauti nzito, akasema ana miaka hamsini na miwili, hajui kuogelea, na hajafa. Wakacheka, wakapiga makofi zaidi. Mwalimu wa hesabu alikaa pembeni mstari wa mbele, filimbi shingoni, akiangalia viatu vyake.

"Basi tupige kura kwa kunyoosha mikono," alisema mwalimu mkuu.

"Kabla ya mikono," alisema Mama Mihuri, akasimama kwenye meza ya kuandikia kumbukumbu.

Hakupaza sauti. Watu walimjua kwa upole wa dirishani, na upole huo haukuwapo. Aliwasimulia yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma faili: bwawa, pampu, madawati, mabenchi uwanjani, hesabu ya moja hadi nne. Aliwaambia habari ya kiatu. Aliwaambia alichosimulia mfyatua matofali, kwamba mtoto alizama huku akihesabu.

"Hakuna mtoto wa shule hii anayejua kuogelea," alisema. "Hata mmoja. Na nyumbani kwenu mna karatasi zinazosema wanajua, na mimi ndiye niliyezipiga muhuri. Mia nne na sitini. Nilijua ni uongo, nikapiga. Wangu karibu afe kwa mkono wangu huu. Kwa hiyo msiniambie maji ni hatari kana kwamba mnanipa habari. Mtoto atakutana nayo tu, mkipiga kura msipige kura. Mnachoamua leo ni kama atakutana nayo akiwa anajua au akiwa anahesabu."

"Katibu, kaa chini," alisema mwalimu mkuu. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Hakukaa. Alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akafungua mkoba, akatoa kidau cha wino mwekundu na muhuri mmoja aliouchukua kwenye droo asubuhi. Akatandaza mezani ripoti ya mtoto wa kaka yake, akapiga IMEBATILISHWA juu ya ile tisini na nane, kwa nguvu hata bilauri ya mwalimu mkuu ikamwaga maji.

"Mwenye ripoti alete," alisema.

"Muhuri huo ni mali ya shule," mwalimu mkuu alisema.

"Ndiyo. Na uongo nao ni mali ya shule. Naurudisha."

Kisha dereva wa lori akasimama, akaikunjua ripoti yake iliyokuwa imekunjwa mara nne mfukoni, akaja mbele. Alipigiwa muhuri, akaitazama ile karatasi, akamgeukia mwalimu mkuu.

"Haya madawati yanatoka lini bwawani?"

"Tutaunda kamati, mzee."

"Mimi nina lori hapo nje," alisema dereva, akaanza kukunja mikono ya shati. "Tunaanza sasa."

Wanaume kadhaa wakamfuata. Muuza vitambaa akaja mezani na ripoti tatu, akazipokea zikiwa na wekundu, akatoka nje naye. Mstari ukawa mrefu. Mwalimu mkuu aliita kura mara mbili, na mara zote mbili mikono ya watu ilikuwa imeshika karatasi. Mwishowe akakusanya kalamu zake akaondoka. Kutoka uani kukaanza kusikika madawati yakiburutwa juu ya vigae.

Mkono wa Mama Mihuri ulikuwa umekufa ganzi, na hasira zilikuwa palepale, hazijapungua hata chembe. Aliyebaki mwisho wa mstari alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuja taratibu, akaweka mezani ripoti ya mwanawe wa mwisho, wa darasa la pili. Kuogelea, tisini na tano.

Mama Mihuri alimtazama. "Hata wako?"

"Alikuwa anaogopa benchi," alisema Nyangumi. "Nikamfundisha mwenyewe nyumbani, juu ya kitanda." Akaigusa filimbi yake. "Jana ameniuliza tutakwenda lini mtoni."

Akaisogeza karatasi karibu na wino. Mama Mihuri akainua muhuri.