Wasioleta Chuma

Mwaka ule wa sabini na sita kipaza sauti kilifungwa juu ya nguzo karibu na soko la Mwanjelwa, na jina la kwanza kutangazwa lilikuwa la Asukile.

"Nyumba ya Asukile haijaleta chuma wiki hii. Majirani, mnamfahamu."

Sekela, aliyekuwa akipanga ndizi zake za kuuza, aliona watu wakigeuka kumtazama huyo jirani yake. Asukile alicheka, lakini kicheko kilimkauka mdomoni.

Kazi yenyewe ilikuwa njema. Mabati yaliyooza, sufuria zilizotoboka na vyuma vya magari vilivyotupwa mitaroni vingekusanywa na kila nyumba kila wiki, vipimwe kwenye mizani, kisha lori livipeleke kiwandani vikayeyushwe kuwa majembe. Msimamizi, Bwana Liberatus, alikuwa kijana mpole aliyesomea tabia za watu.

"Faini haimbadilishi mtu, mama," alimwambia Sekela siku moja akinunua ndizi. "Ila akijua jirani anamtazama, atabadilika mwenyewe. Utaona."

Aliona. Mitaro ilisafishika, na rundo nyuma ya soko likapita kimo cha mtu. Lakini majina yaliendelea kutangazwa kila jioni, na chuma chakavu hakikupatikana tena. Wanawake wakaleta sufuria walizopikia mchana. Mtu mmoja akaleta jembe zima, udongo mbichi ungali umeligandia. Watu wakaanza kulaza baiskeli zao ndani, wakaacha kusalimiana.

Jumamosi moja Sekela alipita kando ya rundo akaona msalaba wa kaburi. Ulikuwa umetengenezwa kwa springi ya Landrova, na jina la Jailos, marehemu mumewe, lilisomeka wazi.

"Nani kaleta huu?"

Asukile alikuwa amesimama karibu na mizani, viatu vimejaa udongo mwekundu wa makaburini.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "wananitangaza kila wiki. Hata wanangu hakuna anayecheza nao."

"Ulimbeba mume wangu kwenye jeneza, Asukile!"

Liberatus alisogea, uso umemsawijika. "Pole, mama. Lakini kikishapimwa ni cha wote. Nikikurudishia wewe, kesho kila mtu atadai chake."

Sekela alijitwika msalaba begani akaondoka. Hakuna aliyemzuia, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Jioni kipaza sauti kikasema, "Sekela amechukua mali ya wote."

Kesho yake kanisani alikaa peke yake kwenye benchi. Aliporudi alikuta jiko lake halina paa. Mabati yote yalikuwa yameng'olewa, na bawaba za mlango pia. Ilikuwa kazi ya watu wengi, mchana kweupe, na mbwa hakubweka kwa kuwa aliwajua wote.

Jirani yake Paskalina alikuwa uani akianua nguo.

"Hukuona mtu, mdogo wangu?"

"Sikuona, dada."

Hakuinua macho. Viganja vyake vilikuwa na kutu.

Sekela aliufukia msalaba ndani kabisa ya kaburi, usionekane, kisha akapanda basi kwenda Mafinga kwa kaka yake aliyefanya kazi ya kupasua mbao. Nje kidogo ya mji basi lilipunguza mwendo. Watu walikuwa wanafungua kingo za chuma za daraja, na Liberatus amesimama katikati yao akiwasihi waache. Hakuna aliyemsikiliza.