Kasha Likilia

Dawa ya moyo ya baba ilikaribia kuisha kabla ya siku yake, na mimi nikataka kichwa cha mtu. Ndivyo nilivyo. Pale saluni wananiita Pilipili, na jina hilo sikulinunua. Kichwa cha karibu kilikuwa cha muuza dawa, kwa hiyo nilimwacha mteja wangu kitini, nusu kasukwa nusu kafumuliwa, nikavuka barabara na kopo tupu mkononi. Vidonge vichache vilivyobaki mama alikuwa amevihamishia kwenye kisahani kando ya kitanda, ili mimi niende na kopo nikalete jingine.

Maneno niliyomwambia muuza dawa sitayarudia yote. Kwa ufupi, nilimwita mwizi anayewapunja wagonjwa. Ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na upole wake ulinizidishia hasira. Alinisubiri nimalize. Kisha akachukua kopo langu, akasoma tarehe aliyoiandika mwenyewe pembeni, akateremsha kopo jipya la dawa ileile na kunionyesha jinsi mdomo wake ulivyozibwa kwa karatasi kiwandani. Langu pia alinipa kama lilivyokuja, alisema, na mimi mwenyewe ndiye niliyeibandua ile karatasi hapohapo dukani. Ilikuwa kweli. Nilikumbuka.

"Dawa haipungui yenyewe, dada," akasema. "Kuna anayeimeza."

Akaanza kuniuliza maswali kwa sauti ya chini. Mzee analala sana siku hizi? Nikamwambia ndiyo, na tena tunashukuru, maana awali alikuwa hapati usingizi. Mikono yake ni ya baridi? Nikasema jana nilimvisha soksi mikononi, tukacheka wote nyumbani, naye baba akacheka kidogo. Akisimama anapata kizunguzungu? Nikasema hasimami tena, tangu juzi. Niliisikia sauti yangu ikishuka kila nilipojibu. Muuza dawa alikuwa amevua miwani.

Kazi ya dawa hii ni kuutuliza moyo, akaniambia. Kidonge kimoja kila baada ya saa nane, basi. Ukizidisha, moyo unatulia na kutulia mpaka unachoka kabisa kupiga. Hakunipa lile kopo jipya. Alilirudisha kwenye rafu.

"Asimeze hata kimoja tena. Mpigie mama yako sasa hivi, halafu mpelekeni hospitali."

Nilipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena nikiwa tayari barabarani, nikipita katikati ya magari, madereva wakinitukana nami sina hata nafasi ya kuwajibu. Nilijua kwa nini hapokei. Mama alikuwa amezima mlio wa simu ili baba asishtuke usingizini. Sauti moja tu ndiyo aliyoiacha, nayo ilikuwa ya ule mchezo wake.

Niseme kuhusu huo mchezo, kwa sababu nilikuwa nikiulaani njia nzima. Ni shamba ndani ya simu. Una ua, una kondoo, na kila baada ya saa nane unapewa kasha moja la bure. Kengele ndogo inalia, unaligusa kasha kwa kidole, linatikisika, linajivuta kwa mbwembwe kama bibi harusi, halafu linafunguka. Ndani unakuta kofia ya kumvika kondoo, au mwavuli, au, mara nyingi kuliko zote, ndoo. Makasha yenye vitu vizuri yanauzwa, na hata hayo hujui umenunua nini mpaka umeshalipa. Mimi niliuchukia tangu siku ya kwanza. Nilimwambia mama kwamba cha bure pale ni chambo tu, kinamzoesha kuinuka akiitwa. Mama akanijibu kwamba hajawahi kununua hata kasha moja na hatanunua, kwa hiyo hao wenye mchezo watamsubiri sana. Baba naye alikuwa upande wake. Ugomvi wake na mchezo ulikuwa mmoja tu: ndoo zimezidi.

Nilikimbia nikijiuliza nani anayezidisha. Baba? Baba na vidonge ni paka na maji. Alipotoka hospitali alikuwa anavificha chini ya ulimi na kuvitema kwenye mto, na mimi ndiye niliyekuwa navikuta nikifua. Mama? Mama hasahau. Alipika kwenye shule ya bweni mpaka alipostaafu, na maisha yake yote yaliendeshwa na kengele: ya kuwasha moto, ya kupakua, ya kuosha vyombo. Baba alikuwa mchomeleaji kiwandani, naye alikuwa mtu wa king'ora. Nyumba yetu haikuwahi kuangalia saa. Hata ile ya ukutani ilikufa betri zamani na hakuna aliyeijali. Kengele ikilia, mtu anainuka. Watoto tulilelewa hivyo, na aliyeuliza kwa nini alichapwa.

Nilifungua mlango roho ikiwa juu. Chumba cha baba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa mchana kutwa kwa ajili ya macho yake. Mama alikuwa amelala kwenye godoro chini, kando ya kitanda. Nikavuta pumzi ili nimwite.

Kengele ya kasha ikalia.

Mama aliinuka kabla hajafumbua macho. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kisahani, ukachukua kidonge, ukakiweka kwenye kijiko chenye maji. Na pale kitandani baba, macho yamefumba, uso umekuwa wa rangi ya majivu, alifungua mdomo.

Nilimwambia mama asimpe. Hakusita. Alinijibu bila kunitazama kwamba wakati wake umefika, kwani mimi sijasikia? Kijiko kilikuwa kimeshafika kwenye midomo ya baba. Nikakipiga kwa kiganja, maji yakamwagika shukani na kidonge kikaenda chini ya kitanda.

"Wakati gani, mama? Nani kasema umefika?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza moto ni nini.

"Kengele," akasema.

Akanieleza huku amekasirika, akipangusa shingo ya baba kwa upande wa kanga yake. Daktari alisema kila baada ya saa nane. Kasha linakuja kila baada ya saa nane. Alijaribu ule mlio wa kuamshia wa simu, akawa anauzima usingizini na kuendelea kulala, lakini kasha halijawahi kumpita. Na baba, ambaye alituhangaisha sote na vidonge vyake, kwa ajili ya kasha anameza. Wamewekeana mkataba: kidonge kwanza, kisha baba mwenyewe anagusa kwa kidole chake na kuona limetoa nini. Usiku na mchana. Hajaruka hata kimoja, alisema, na alilisema hilo kwa fahari.

Niliichukua simu. Juu ya shamba kulikuwa na utepe mwekundu na fataki zinazolipuka, na maneno ya lugha ambayo mama haisomi. Mimi ninaisoma kwa kuungaunga. Ilikuwa ofa. Wiki ya shukrani kwa wachezaji wetu wapendwa: makasha yote ya bure yatakuja kwa kasi maradufu. Chini ya kasha, saa ndogo ilikuwa imeanza kuhesabu kurudi nyuma kuelekea kasha linalofuata, na ilikuwa imeanzia kwenye saa nne. Mama alipouona utepe ule aliufunga, kama anavyoyafunga matangazo yao yote.

"Wamepunguza saa," nikamwambia. "Zimekuwa nne."

Hakuelewa. Kengele ni kengele, akasema. Halafu akageuka kulitazama pazia, akaenda akalifungua kidogo, akalitazama jua lilivyo utosini. Kisha akasema, kama anajisemea, kwamba alikuwa anaona siku zinakimbia, akadhani ni uchovu wake.

"Umekuwa ukimuua," nikasema.

Nililisema nikiwa na hofu, na hofu kwangu hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Mama alikiinua kile kisahani na kukifunika kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu atakayekipokonya.

Dereva wa teksi alinisaidia kumbeba baba ndani ya shuka. Kwenye kiti cha nyuma nilimlaza kichwa mapajani mwangu, nikashika kifundo cha mkono wake. Pigo moja likaja. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka nikafungua mdomo kupiga kelele, ndipo likaja jingine, dogo, la kujivuta. Nilimwomba dereva akimbize, naye alikimbiza, na kila gari lililotuzuia mbele nililichukia na waliomo ndani yake. Mama alikaa mbele na kisahani chake mapajani. Simu ilikuwa mkobani mwangu, nami nilikuwa nimeshaapa kwamba tukifika nitaufuta mchezo ule mbele ya macho yake.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya haraka. Alipompima tu baba akawaita wenzake wawili, akamchoma sindano, akamfunga nyaya kifuani, na mashine ikaanza kulia kwa mwendo uleule niliouhesabu kwenye teksi. Bila kugeuka akatuuliza mzee amemeza vidonge vingapi, na tangu lini. Lazima ajue, alisema, dawa ya kumrudisha inapimwa kulingana na hiyo.

Mimi sikujua. Muuza dawa alijua vilivyopungua, lakini si vilimezwa lini. Nikamtazama mama, mama akatazama sakafu. Daktari akarudia swali, na safari hii alipandisha sauti.

"Nipe simu," mama akaniambia.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikampa. Akafungua lile shamba, akamwonyesha daktari kondoo, akasema mzee alimeza kimoja kila kasha lilipolia, kila baada ya saa nne, na kwa sauti ya mpishi anayehesabu sahani akaanza. Kofia hii nyekundu tuliipata baada ya utepe kuja, hiyo ndiyo ya kwanza. Kisha ndoo. Kisha mwavuli, mwanangu huyu alikuwa amekuja kutuona, anakumbuka. Kisha ndoo mbili zilizofuatana, baba yake akanuna. Kisha kengele ya shingoni. Alikwenda hivyo kondoo kwa kondoo, na daktari akawa anahesabu kwa vidole vya mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye mshipa wa baba. Nililiangalia shamba lile lilivyojaa mapambo na ndoo zilivyopangwa kando ya ua. Kila kimoja pale kilikuwa kidonge.

"Na hiki cha mwisho?" daktari akauliza, akionyesha kasha ambalo halijafunguliwa.

"Hicho hakumeza," mama akasema. "Binti yangu alikuja."

Walitupeleka kukaa kwenye benchi ukutani, hatua chache kutoka kitandani, wakafanya kazi yao. Mama hakulia. Nilitaka kumwambia kwamba sikukusudia neno lile. Mwishowe nikaweka mkono wangu juu ya wake, juu ya kisahani, naye hakuutoa. Mashine ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia. Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyoisikiliza mashine ile. Jua lilishuka mpaka likaingia kwenye madirisha ya upande wa pili, na polepole milio ikaanza kusogeleana.

Daktari akaja akasema hatari haijaisha, ila moyo umeanza kushika njia. Tunaweza kukaa karibu naye. Asipewe chochote mdomoni, hata maji.

Tulisogeza viti. Baba alikuwa amelala chali, ndevu zake zimeota kidogo, mkono wake sasa una joto la mbali. Mama alivuta shuka akamfunika miguu. Simu ilikuwa imelala kitandani kati yetu, nami kwa mambo yote yale nilikuwa nimesahau kiapo changu.

Kengele ya kasha ikalia.

Mkono wa mama uliruka kwenye kisahani. Aliushika kwa mkono wake wa pili, akaubana mapajani. Na baba, kwenye usingizi ule wa dawa, na nyaya zote zile kifuani, akafungua mdomo. Aliufungua wazi, kwa utii, akasubiri. Mtu ambaye hakuwahi kumwamini daktari yeyote.

Hapo ndipo mama alipolia. Alimwekea vidole viwili kwenye midomo, akaifumba taratibu.

"Hapana, mzee wangu," akamwambia. "Hii si yako."

Koo la baba likapanda na kushuka, kama aliyemeza. Akalamba midomo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba, tukainama wote wawili kuisikia.

"Limetoa nini?"

Mama alinitazama. Sikuwahi kufungua kasha hata moja maishani mwangu, na saa chache kabla nilikuwa tayari kuivunja simu ile ukutani. Nikaichukua, nikaligusa kasha kwa kidole. Likatikisika, likajivuta kwa mbwembwe zake zote, likafunguka.

"Ndoo, baba," nikasema.

Midomo yake ikafumba, na mimi nikageuka kuitazama mashine.

"Ndoo tena," akasema baba, akanuna.