Chaki ya Diwani Pargeter

Alhamisi, tarehe 2 Mei 2019. Manyunyu yalianguka katika mji mdogo wa Wexcombe hadi saa mbili asubuhi, kisha jua likatoka. Diwani Clive Pargeter aliondoka nyumbani amevaa koti la buluu. Alipofika getini lilikuwa jeupe pe kwa chaki. Mkewe, Doreen, alilipiga brashi mara mbili, akaachana nalo, akampa sandwichi zake.

Kura za udiwani zilipigwa katika ukumbi wa kanisa, ambao ulivuja kiasi kwamba kila ndoo ilikuwa na mahali pake. Nje, mbwa walifungwa uzioni wakiwasubiri wenyewe. Clive alipopita, wawili walipiga chafya.

"Clive, umeangukia unga?" aliuliza Ron, muuza nyama.

"Chaki tu."

Bi Muriel Tansley, wa miaka sabini na moja, ndiye aliyejua maana ya chaki hiyo. Alisoma Kilatini ukumbini humo kila Jumanne jioni.

"Warumi walioomba kura walipaka majoho yao chaki waonekane safi," alisema. "Kila mmoja akaitwa candidatus, aliyetiwa weupe. Sisi Waingereza tukachukua neno, tukasema candidate, yaani mgombea. Siku hizi hata mtahiniwa ni candidate."

Akaonyesha mikono ya sweta yake, myeupe kidogo. Mtihani wake ulikuwa mwakani, lakini darasa lingefungwa Krismasi paa lisipotengenezwa. Aliliombea paa hilo kila alfajiri, kabla ya kuyaombea magoti yake.

Kufikia adhuhuri viganja vyeupe vya chaki vilichapika mabegani mwa watu, kimoja kwa kila ahadi ambayo Clive hakuitimiza. Ron alikuwa na viwili. Muriel alikuwa na vitatu, vyote vya paa. Makaburini, mawe kumi na moja yalikuwa navyo. Mchungaji aliyafuta, vikarudi, akaenda kunywa chai.

Mpinzani wa Clive, mama aliyehamia majuzi, naye alivaa koti jeupe, ila kiganja chake hakikuonekana popote.

"Huyo hatumjui," alisema Ron, akaingia kumpigia Clive kura.

Ijumaa mchana Clive alitangazwa mshindi. Alisimama ukumbini mbele ya watu, tone likimdondokea kichwani, akanyoosha mkono kumshika Muriel bega.

"Hapo pamejaa, Clive," alisema Muriel. "Shika la pili."

Akashika la pili.

"Nyote ni mashahidi," alisema kwa sauti. "Naahidi, paa hili litatengenezwa kabla ya Krismasi."