Vikombe vya Kamanda

Kabla ya kuingia jumba la makumbusho ya vita, wanafunzi walitakiwa kufuta viatu kwenye zulia la mlangoni na kumwachia mlinzi chupa zao za maji. Walikuwa wamevuka mpaka wa nchi alfajiri, basi zima la kidato cha tatu, na mwalimu wa historia alikuwa ameanza kuulizia chakula cha mchana hata kabla ya kukata tiketi. Mwongozaji, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, aliwapitisha kwenye bunduki, kofia na bendera zilizotoboka, akawafikisha chumba cha ndani ambako mashine ilipoza hewa mchana na usiku. Katikati ya chumba, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheusi, palikuwa na sanduku la mbao lenye pembe za shaba.

"Hili ni sanduku la vyombo vya chai vya kamanda," alisema. "Lilitoka bandarini, likavuka mito na kinamasi, likapanda milima hadi kambini. Hakuna kikombe hata kimoja kilichovunjika."

Mwalimu akaguna kwa heshima, akawahimiza wanafunzi waandike.

Msichana mmoja hakuandika. Shuleni walimwita Kisahani, kwa sababu utosini alikuwa na kishimo cha mviringo ambamo kisahani cha chai kingekaa sawasawa. Kishimo hicho kilikuwa cha ukoo. Baba yake alikuwa nacho, na Bibi, mama mzaa baba, ndiye aliyekianzisha. Bibi hakuzaliwa nacho. Kilimtokea akiwa bado ananyonya, wiki ile askari walipomkamata baba yake na kumpeleka kubeba mizigo ya vita. Daktari alikipima, akasema hakina neno.

Baba yake Bibi hakurudi. Hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa, na mtu ambaye hujaambiwa amekufa huwezi kumlilia, kwa hiyo Bibi alizeeka bila kumlilia. Alichoachiwa ni ahadi tu, aliyosimuliwa na mama yake: kwamba baba angerudi kabla mtoto hajaota meno. Siku moja kabla ya safari alimkalisha mjukuu wake kando ya kitanda.

"Huko mnakokwenda ndiko walikompeleka," alisema. "Ukimpata, mwambie meno yaliota."

"Sawa, Bibi."

"Na mwambie yameshang'oka. Asije akadhani nina haraka."

Kisahani alicheka, lakini ujumbe aliuweka moyoni.

Sasa mwongozaji alikuwa akisema kwamba wageni wanaruhusiwa kuliinua sanduku kidogo, kwa mikono miwili, wapate kuonja uzito wa historia. Vijana wawili wenye vifua vipana walijaribu, likagoma. Kisahani alipoligusa, likapanda lenyewe hadi kichwani, likakaa kwenye kishimo bila ngata wala kuyumba. Kisha miguu yake ikageuka kuelekea mlangoni.

"We Kisahani!" mwalimu alimwita. "Unakwenda wapi na mali ya watu?"

"Sijui, mwalimu. Ni miguu."

Mwongozaji alivaa miwani yake, akaitazama shingo ya msichana, akaridhika. "Mwache tu, mwalimu. Hutokea wakija wanafunzi wa upande wenu. Mwanangu, usishike mfuniko kwa mikono mitupu, jasho linaharibu mbao." Akamvalisha glovu nyeupe, akachukua blanketi zito kabatini, akamfuata.

Walipita mbele ya kinyozi, benki na kituo cha mafuta. Askari wa barabarani alisimamisha magari hadi mwanafunzi wa mwisho akavuka. Wenzake walikuja nyuma wakipiga picha na kutaniana, mmoja akiuliza kama huko waendako kuna chai. Kisahani hakuweza kugeuza shingo. Mabega yalimwaka, na visigino vilimuuma kana kwamba hakuwa na viatu, ingawa alivaa vile vya shule, vyenye soli nene. Alipoomba maji, mwongozaji alimwambia kwa upole kwamba yangeweza kumwagikia sanduku.

Miguu ilisimama kwenye maegesho ya hoteli moja kubwa, katikati ya gari jeupe na gari la kijani. Sanduku likashuka lenyewe taratibu. Mwongozaji alilifunika blanketi, akalichomeka pembeni kote lisipate vumbi. Hapo chini ya lami ikatoka sauti ya mwanamume, ya adabu, iliyochoka.

"Kuna kilichovunjika?"

"Hakuna, mzee," alijibu mwongozaji, akiendelea kuchomeka blanketi.

"Ahsante," ilisema sauti.

Kisahani aliitambua ile sauti, ilikuwa na mkwaruzo uleule wa baba yake, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba mzee akipatikana atasema. Jibu ndilo lililomshtua. Lilitolewa bila kuinua uso, kama anavyojibiwa mtu anayebisha mlango wa choo.

"Kumbe mnamjua?" aliuliza.

Mlinzi wa maegesho, aliyekuja kuhakikisha watoto hawaegemei magari, ndiye aliyejibu. "Huyo? Anauliza kila siku. Ukimwambia hakuna, ananyamaza. Usipomjibu anakesha akiuliza, wageni wa hoteli hawalali."

"Alikufaje?"

"Alijikwaa hapa," alisema mwongozaji. "Kamanda akasikia vyombo vikigongana ndani ya sanduku. Akampiga risasi kwanza, ndipo akafungua kuangalia." Uso wake ukachangamka. "Vyote vilikuwa vizima. Ndiyo maana tunalionea fahari sanduku hili."

Kisahani alimtazama mwalimu wake, na mwalimu akatazama saa.

"Mbona kule ndani hukusema?"

"Kule ni habari za sanduku, mwanangu."

"Na hapa hamkuweka hata kibao."

"Kibao!" Mlinzi alicheka. "Nani ataegesha gari lake juu ya mtu?"

Kisahani alipiga magoti, akauweka mdomo karibu na lami iliyonuka mafuta ya gari. "Babu, mimi ni mjukuu wa binti yako. Amenituma nikwambie meno yaliota. Na yameshang'oka." Akasubiri. Akarudia kwa sauti zaidi, na wenzake wakashusha simu zao.

"Kuna kilichovunjika?" iliuliza sauti.

Hakuna aliyejibu. Sauti ikauliza tena, safari hii kwa woga, haraka haraka, kama mtu aliyeanza kujikinga uso. Kisahani hakuweza kuistahimili.

"Hakuna, Babu," alisema. "Vyote vizima."

"Ahsante."

Gari la makumbusho lilikuja kulichukua sanduku. Lililazwa kiti cha nyuma, likafungwa mkanda. Mwongozaji alimpongeza Kisahani kwa shingo imara, akamwomba glovu zake. Chakula cha mchana kilikuwa kimeagizwa katika hoteli ileile, na wanafunzi walikula wakashiba. Kisahani alikaa nao hadi vikombe vya chai vilipoletwa, akaondoka mezani.

Alipofika nyumbani jioni, alimkuta Bibi jikoni, kikombe mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umempata?"

"Nimempata. Yuko chini ya maegesho ya hoteli."

"Wamemfunika nini?"

"Lami, Bibi."

Bibi alitikisa kichwa. "Ulimwambia habari ya meno?"

"Nilimwambia. Mara mbili."

"Akasemaje?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni mwa Kisahani. Angeweza kusema mzee alicheka. Lakini macho ya Bibi yalikuwa usoni pake, naye alikuwa amekwisha kudanganya mtu mmoja siku hiyo. "Aliuliza kama kuna kilichovunjika," alisema, na akaeleza yote, sanduku, vikombe, kujikwaa na risasi.

Bibi alisikiliza huku akipapasa kishimo chake utosini. Alipoelewa, alimwaga chai kwenye sinki, akakinyanyua kikombe juu kadiri mkono wake ulivyofika, akakiachia. Kilipasuka, vipande vikatapakaa hadi mlangoni.

"Kipo kilichovunjika," alisema. "Sasa nenda kawaambie majirani nimefiwa na baba."

Majirani walikuja na viti vyao. Waliingia kwa uangalifu wasikanyage vipande, na walipouliza marehemu amefariki lini, Bibi alisema amepata habari leo, ikatosha. Alilia kwa sauti hadi akakaukiwa. Jioni hiyohiyo, kwenye maegesho ya hoteli, sauti iliuliza tena, na mlinzi, aliyekuwa akimwelekeza dereva mmoja arudi nyuma kidogo, akajibu hakuna.