Safari ya Kumtafutia Bénie Chuo

Kofi lilipigwa mezani, mbele ya sahani za bugali na sombe ya majani ya mihogo, Jumapili baada ya misa. Zacharie, seremala ambaye majirani zake pale Butembo, mashariki mwa Kongo, hawakuwahi kumsikia hata akipaza sauti, alimzaba shemeji yake Phinées mpaka mdomo ukapasuka.

Ugomvi wenyewe ulizaliwa na habari njema. Bénie, binti mkubwa wa nyumba, alikuwa amepata diplome yake ya sekondari kwa alama nzuri, na baba yake akaamua kwamba wazazi na mtoto wataenda pamoja kuona vyuo kabla ya kuchagua. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia chuo kikuu ila kwa kupeleka viti alivyovitengeneza. Kwanza wangetembelea chuo cha pale pale mjini. Halafu wangeteremka Beni, walale kwa Eliane, dada yake Zacharie, na asubuhi waende kuona fakulte ya agronomie, yaani kilimo. Moyo wa Bénie ulikuwa huko Beni. Babu yake aliacha shamba la kakao upande wa Oicha alipokimbia wauaji wa msituni, na msichana alikuwa amejiapiza kwamba siku moja atalirudisha kwenye uhai.

Phinées alikuwa kaka wa Virginie, mama wa Bénie. Alikuwa dereva wa taxi, na gari la safari lilikuwa lake.

"Papa Bénie, mutoto asome hapa hapa," alisema akiweka kijiko chini. "Ile njia inakula batu. Juzi bamechoma camion na batu ndani."

"Tutaenda na convoi. Basoda na bunduki yao banasindikiza."

"Basoda banasindikiza hata maiti! Mais unatafuta nini, wewe? Unapeleka mutoto wa dada yangu kwa bachinjaji, juu ya kujionyesha kwa majirani ya kartie?"

Hapo ndipo mkono ulipotoka. Kiti kilianguka. Phinées alimrukia shemeji yake shingoni, na Virginie akajitupa katikati yao, bega lake likapokea ngumi ambayo haikuwa yake.

"Munapigana siku ya mutoto!" alipiga kelele. "Hamuna haya?"

Phinées alipangusa damu kwa kiganja, akachukua funguo zake, akatoka bila kufunga mlango.

Walienda chuo cha Butembo kwa miguu, bila yeye. Bénie aliangalia maktaba, akauliza maswali yake kwa adabu, akashukuru. Njiani kurudi alimshika mama yake mkono. "Ni pazuri, mama. Mais mi nataka udongo na miti. Iko Beni."

Asubuhi ya safari, Zacharie akiwa tayari kwenda kutafuta gari lingine kituoni, honi ililia nje. Phinées alikuwa ameegemea mlango wa Toyota yake, mdomo bado umevimba.

"Pandeni," alisema. "Kama munaenda tu, donc mutaenda na mutu anajua kuendesha."

Zacharie alitaka kusema neno. Phinées akamkatiza kwa kupakia mizigo.

Kwenye bariera ya jeshi walisubiri magari mengine ya msafara yakusanyike. Askari mmoja aitwaye Valentin, mtu wa Kasaï, alichungulia ndani, akamwona Bénie na gauni lake la misa.

"Mademoiselle anaenda ndoa?"

"Anaenda universite," Zacharie alijibu, na Virginie akaona jinsi kifua cha mumewe kilivyofura.

"Félicitations. Mushikamane na ile camion ya mbele. Hapana kubakia nyuma."

Walishikamana nayo. Walipita vijiji, wakapita mashamba ya mihogo yaliyokuwa yamemezwa na magugu kwa kukosa wenyewe. Bénie alikuwa anamweleza mjomba wake ugonjwa wa kakao unaoozesha matunda, naye Phinées anacheka na kusema kwamba kumbe atakuwa daktari wa miti. Penye kona, lori la mbele liliyumba kama mlevi, likajilaza ubavu barabarani.

Virginie alisikia kioo kikimwagika kabla ya kusikia bunduki. Phinées aliinamia usukani, honi ikalia mfululizo, na nyuma ya shingo yake pakawa na shimo ambalo dada yake alilitazama bila kuelewa. Zacharie alifungua mlango, akamvuta Bénie kwa nguo. Risasi ikampata Zacharie kwenye paja, akaanguka mtaroni akagaagaa, kisha akatulia.

Watu walitoka majanini wakiwa na bunduki na mapanga, gari la askari likiwa limeshatangulia mbele ya kona. Walikuwa wanafanya kazi haraka, kama watu wanaovuna kabla ya mvua. Dereva wa lori walimkata akiwa amenyoosha mikono. Mzee mmoja alipiga magoti akaanza Salamu Maria, hakuimaliza. Magari waliyatia moto, na Toyota ikawaka Phinées akiwa ndani. Virginie alipotaka kukimbilia pale, kitako cha bunduki kilimvunja jino.

"Beba!" mtu alimwamuru.

Alitwishwa sufuria kubwa, mfuko wa chumvi na mchi wa kutwangia sombe, vyote vimeporwa kwenye kijiji cha jirani. Bénie alitwishwa unga. Mateka walikuwa wachache, na waliingizwa msituni wakikimbizwa. Mwanamke mmoja, mwenye mguu uliotoboka, alikaa chini kwenye kijito akasema hawezi tena. Kiongozi wao hakubishana naye. Alimkata shingoni mara mbili, akaosha panga majini, akaashiria mwendo uendelee. Mzigo wa marehemu uliongezwa juu ya wa Bénie.

"Usianguke," Virginie alimnong'oneza. "Mutoto wangu, usianguke."

"Papa amekufa?"

"Usianguke tu."

Aliyewalinda wao wawili alikuwa kijana mwembamba mwenye shati la mpira wa miguu. Wakubwa wake walizungumza lugha ambazo Virginie hakuzijua, lakini kijana huyu, alipojikwaa kwenye mzizi, alitoa tusi kwa Kinande safi kabisa, Kinande cha nyumbani. Virginie aligeuka akamtazama.

"Mwana wangu, umezaliwa wapi?" alimuuliza kwa lugha hiyo.

Kijana alimpiga kofi. Baadaye kidogo, bila kumtazama, alisema: "Nyamaza, mama. Banatuona."

Jua lilikuwa bado juu wakati jeshi lilipowafikia. Mabomu yalianza kupasua miti upande wa kushoto, vipande vya matawi vikawanyeshea. Kiongozi alipaza sauti ya amri na kufanya ishara ya mkono kooni, kisha akatokomea na bunduki yake. Virginie aliielewa ishara ile. Wengine walianza kukata mateka wao papo hapo, na vilio vikachanganyika na risasi.

Kijana alibaki amesimama, akitazama alikotokomea kiongozi. Kisha akainua panga juu ya Bénie.

Bénie alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto. Panga lilishuka, na vidole viwili vikaangukia kwenye unga uliomwagika. Virginie hakukumbuka baadaye jinsi alivyotua mzigo. Alijikuta ameushika mchi kwa mikono yote, na ameshampiga yule kijana sikioni. Alianguka ubavu. Alisema, "Mama." Virginie akampiga tena. Akampiga usoni, akampiga kifuani, akapiga mahali alipokwisha kupiga, kwa ajili ya Phinées, kwa ajili ya Zacharie, kwa ajili ya yule mwanamke wa kijitoni.

"Mama, amekufa! Acha! Amekufa!" Bénie alikuwa anamvuta kwa mkono uliobaki mzima. Hakuacha mpaka mchi ulipomteleza kwa damu.

Walikimbia kufuata mteremko. Virginie alimfunga binti yake kiganja kwa kitambaa cha kichwani, akakaza kwa meno yaliyobaki. Walitokea kwenye shamba la kakao, na askari waliokuwa wamejilaza chini kati ya miti nusura wawafyatulie risasi. Bénie ndiye aliyeinua mikono, damu ikimchuruzika mpaka kwapani, na kupaza sauti: "Sisi raia! Sisi batu ya Butembo!"

Zacharie walimkuta hospitalini Beni, hai, paja limefungwa. Alikuwa ameokotwa mtaroni na watu wa shamba. Alipowaona alilia kwa sauti, na Bénie akalia naye. Virginie hakuweza. Mabaki ya Phinées yalirudishwa Butembo, wakazikwa naye watu wengine wa msafara ule, na dada yake hakuwepo kumtupia udongo.

Jeraha la Bénie lilipoanza kufunga, alimwambia baba yake kwamba hatarudi nyumbani kabla ya kuona fakulte. Zacharie aligeuza uso ukutani. "Mutoto, hapana. Ile safari ilikwisha."

"Mujomba alikufa akinipeleka pale, papa. Ntaenda, hata peke yangu."

Shangazi Eliane alimsindikiza, na Virginie akawafuata. Kwenye lango aliwaambia watangulie. Wanafunzi walikuwa wanaingia na kutoka, vijana wembamba wenye mashati ya mpira na vitabu kwapani, wakitaniana kwa Kinande. Mmoja alimkwaruza bega, akageuka na kusema, "Pardon, mama." Virginie alishika chuma cha lango kwa mikono miwili, akakishikilia mpaka vidole vikauma.

Eliane alirudi kumtafuta. "Unaumwa?"

"Nimeua mutu, Eliane."

"Najua. Bénie aliniambia."

"Alisha kufa, mi nikaendelea kupiga. Alikuwa mutoto ya kwetu. Iko na mama yake huko, fasi fulani."

Eliane alisimama naye, bega kwa bega, watu wakipita.

Bénie alitokea nyuma ya majengo, mkono wenye bandeji umeinuliwa ili usigongwe, viatu vimejaa tope jeusi.

"Iko na pépinière, mama. Iko na miche ya kakao, safu kwa safu. Bananiambia mutu wa mukono moja anaweza kufanya kazi yote. Kuja uone."

Virginie alitazama uso wa binti yake, kisha lango, kisha wale vijana.

"Utanishika," alisema.

"Ntakushika."

Wakaingia.