Pongo wa Mahameni

Likwata alimimina baruti ndani ya mtutu wa gobore, akasokomeza makumbi ya nazi, akashindilia kwa ufito wa chuma. Akatia vipande vya chuma, makumbi tena, akashindilia tena. Baruti iliishia hapo. Ilitosha mlio mmoja tu, na nyingine angeipata wapi mwaka ule wa njaa?

Kidawa, mkewe, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, amejifunika shuka kuukuu la marekani. Siti alikuwa amelia usiku kucha kwa kuwa maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka.

"Nenda salama, baba Siti."

"Inshallah. Na wewe usitoke."

"Nitoke niende wapi?"

Kidawa hakumuuliza mumewe anakwenda wapi. Mwindaji haulizwi, wala hasemi. Wazee walishikilia kwamba mnyama husikia hata maneno ya jikoni. Na mke wa mwindaji hatoki mpaka mumewe arudi. Kidawa akaitikia kwa kichwa, macho yake yakitazama kando.

Likwata alikatiza porini kwenda mahameni, walikokuwa wakiishi kabla ya watu wote kuhamishiwa kijiji cha ujamaa kandokando ya barabara ya Nangurukuru. Kurudi huko ilikuwa marufuku. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza hadharani kwamba atakayeonekana mahameni atakiona cha mtema kuni, na wanamgambo walikuwa wameshaezua mapaa yote. Kwa hiyo wanyama walijitawalia. Siku chache nyuma Likwata aliona kwa macho yake alama za kwato za pongo, yule swala wa vichakani, katika shamba lake mwenyewe, na mihogo imefukuliwa.

Alifika jua likianza kupanda, akajibanza nyuma ya kichuguu. Lo, mahame yanatisha! Nyumba yake ilisimama bila paa, mlango wazi, nyasi zimeota sebuleni pale alipozaliwa Siti. Hapakuwa na jogoo, wala kinu, wala mtu wa kupiga hodi. Hata ndege walikuwa kimya upande ule, na hilo hakulipenda. Si siri, aliogopa. Mara mbili alinyanyuka aondoke, mara mbili akakumbuka kilio cha mtoto akakaa.

Majani ya mihogo yakatikisika.

Akatulia. Yakatikisika tena, chini chini, kama mnyama anayekula bila haraka. Katikati ya nyasi akaona mgongo wa rangi ya udongo umeinama, ukaenda mbele kidogo, ukasimama. Pongo jike, mnene. "Alhamdulillahi," alisema moyoni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akaonja mchuzi mdomoni. Kisu kilikuwa tayari kiunoni, amuwahi kumchinja kabla hajafa. Akalenga chini ya bega. Akasoma bismillahi. Akavuta.

Tak! Basi.

Fataki, kile kiwashio cha nje, ilikuwa imelia, baruti ndani ikakataa. Gobore lina tabia hiyo. Wakati mwingine moto hujivuta ndani kwa ndani, halafu mlio ukaja umechelewa, na mwindaji aliyefunzwa hashushi mtutu. Hubaki ameulenga palepale, anangoja. Likwata alikuwa amefunzwa na baba yake. Akabaki ameulenga palepale.

Pongo akajinyoosha, akashika kiuno, akapangusa jasho.

Ule mgongo wa rangi ya udongo ulikuwa lile shuka kuukuu la marekani. Alikuwa Kidawa.

Sijui mikono yake ilipata wapi akili, maana kichwani hakikuwamo kitu. Aliurusha mtutu juu, na gobore likanguruma. Matawi ya mkorosho yakapukutika. Moshi ukafunika shamba zima, na ulipopungua Kidawa hakuwepo tena.

"Kidawa! Kidawa weee!" Akakimbia, akajikwaa, akakimbia.

Alimkuta amelala kifudifudi katikati ya mihogo, mikono kichwani. Akamgeuza, akampapasa kifua, shingo, mgongo. Hakuna damu. Mgongoni hapakuwa na mtoto.

"Siti yuko wapi?"

Kidawa alimtazama bila kumtambua.

"Nakuuliza, Siti yuko wapi?"

"Kwa jirani, Yustina," alisema mwishowe. "Nimemwacha kwa Yustina."

Likwata akaketi chini puu, akalia kama mtoto, bila kuficha uso.

"Nilikwambia usitoke."

"Mwenye njaa hana miiko, baba Siti. Nikadhani umekwenda bondeni." Alianza kuokota mihogo, ikamponyoka, akaokota tena. "Siku zote nakuja. Ni mimi niliyekuwa nikifukua."

"Na kwato?"

"Sijui kwato. Mimi sikuona mnyama."

Mlio ulikuwa umefika mbali, wanamgambo hawangechelewa. Wakafunga mihogo katika lile shuka, Kidawa akajitwika. Njia ya kutokea ilikuwa nyembamba, nyasi zimeifunga pande zote mbili. Likwata akatundika gobore begani, akampisha.

"Tangulia."

Kidawa hakusogea.

"Halina kitu tena, mama Siti. Umesikia mwenyewe. Baruti imekwisha."

"Najua."

"Basi tangulia, twende."

"Tangulia wewe," alisema taratibu, wala hakuwa na hasira.

Likwata akatangulia. Nyayo za mkewe zikamfuata kwa mbali. Akapunguza mwendo amngoje, na nyuma yake nyayo nazo zikapunguza.