Fundo la Utepe

Yule daktari wa meno alikuwa amegoma kuiuza baiskeli, na kila alipogoma alitabasamu, jambo lililozidi kumuudhi mwanamke aliyekaa mbele yake na grisi chini ya kucha. Baiskeli yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya televisheni. Cheni ilikuwa imekauka, tairi zimepasuka, na kwenye usukani kulikuwa na ua la plastiki.

"Siiuzi, dada," alisema daktari. "Nikiitoa hapo ukuta wangu utabaki uchi."

Mtaani mwanamke huyo walimwita Fundi. Mteja mgeni akiingia karakanani na kumuuliza yeye mwenyewe fundi yuko wapi, alijibu kwamba ametoka, akirudi aambiwe nini? Siku ile hakuwa na nguvu ya utani. Kabla ya kukaa alikuwa ameshapanda kwenye kochi la watu, akaisoma namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali, akapapasa bomba la juu mpaka kidole gumba kikazama kwenye kibonyeo. Ilikuwa yenyewe. Akashuka na kukunja uso, maana mnunuzi wa baiskeli kuukuu akionyesha tu kwamba ameipenda, amekwisha.

Alikunja uso kadiri alivyoweza. Akasema fremu ina kutu, akasema rimu zimepinda. Daktari akazidi kutabasamu, na meno yake, kusema kweli, yalikuwa mazuri. Mwishowe Fundi akachoka na uongo wake mwenyewe.

"Ilikuwa ya baba yangu," alisema. "Alishindana nayo kwenye mbio, kisha shida zikamfanya aiuze. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Hanijui. Mimi ananiita dada, kama unavyoniita wewe. Nadhani hii ataijua, na akiijua hii, labda na mimi atanikumbuka."

Daktari aliacha kutabasamu. Alisimama, akaliondoa lile ua, akalishika kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. "Ichukue," alisema. Halafu, kwa kuwa hata huruma ya watu wengine ina masharti, akaongeza, "Ila niletee nyingine ya kutundika."

Fundi akampelekea ya kwake, ile ya kijani aliyoijenga kipande kwa kipande tangu ujana, ambayo wateja waliitamani na yeye akawapa jibu la mkato. Aliitundika mwenyewe kwa mikono yake. Alirudi nyumbani kwa miguu, ya baba yake ikiwa begani, na hakugeuka nyuma.

Baba yake ndiye aliyemfundisha kazi. Zamani mzee huyu aliwashinda mabingwa kwa miguu, na alipoacha mbio akawatengenezea baiskeli kwa spana, na mtoto pekee aliyependa kukaa karakanani alikuwa binti huyu, mdogo, mweusi wa grisi, kazi yake kumpasia vifaa. Alimwita Nati. Jina hilo hakulitumia mtu mwingine yeyote, na sasa hakulitumia hata yeye. Aliamka, akanawishwa, akalishwa, akamshukuru "dada" kwa adabu inayovunja moyo. Mwanzoni Fundi alikuwa akimwambia, "Baba, ni mimi, Nati." Mara ya mwisho mzee aliingiwa na hofu, akajifungia chumbani, akalia akimtaka mwanamke huyu wa watu aondoke nyumbani kwake. Tangu hapo hakurudia.

Kulikuwa na kaka pia, aliyeishi mbali, mwenye ushauri mwingi. Alipiga simu kila alipokuwa kwenye foleni ya jambo fulani.

"Mimi naona ungemwekea muziki wa zamani," alisema.

"Njoo umwekee."

"Eh? Sikusikii vizuri, mtandao huku unasumbua."

Mtandao ulisumbua kila lilipokuja neno njoo. Huo ulikuwa ugonjwa wake yeye.

Basi Fundi akaifanya kazi ile alfajiri, kabla mzee hajaamka na kabla wateja hawajaanza kugonga. Aliifungua baiskeli yote, akaloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, akapiga msasa fremu mpaka ikang'aa. Nati zilizokataa kutoka alizibembeleza, zilizozidi kukataa alizitukana. Aliisuka upya rimu ya nyuma, spoki moja baada ya nyingine, akiizungusha na kuisikiliza, mara nyingine akisinzia huku mkono unaizungusha bado. Rangi aliichanganya mwenyewe, buluu ile ile ya kiwandani. Alitaka mzee aione kama ilivyokuwa siku alipoipata. Na alipofika kwenye kile kibonyeo cha bomba la juu, mkono haukumuuliza: ulichota puti, ukajaza, ukasawazisha, ukapaka rangi. Kuondoa kibonyeo ni kazi ya fundi. Isitoshe, kibonyeo hicho alikiweka yeye, utotoni, alipoangusha spana kubwa akiwa anampasia baba yake, na kila alipokikumbuka alisikia aibu ya mlio ule.

Mwisho akauzungushia usukani utepe wa kitambaa. Wakati huo kaka alikuwa hewani, akieleza habari ya vidonge alivyovisikia mahali, na Fundi aliitikia "ehe, ehe" huku simu imebanwa begani na vidole vikimalizia kwa uzi uliotiwa nta, vikiupitisha chini ya mizunguko yake na kuuvuta mpaka ncha ikamezwa isionekane. Wengine hubandika gundi. Baba yake alikuwa akisema gundi ni ya bahasha. Alipokata simu kazi ilikuwa imekwisha, na hakukumbuka hata kidogo kulifunga lile fundo.

Siku hiyo alimnawisha mzee, akamvalisha shati safi, akamkalisha barazani. Kisha akaileta. Alijichukia kwa kujipa tumaini tena.

Mzee aliitazama. Uso wake ukachangamka kidogo. Akasimama, akaushika usukani, akaizungusha pedali kinyumenyume, akaisikiliza friwili ikitatarika.

"Chombo," alisema. "Hiki ni chombo hasa. Cha nani?"

"Chako, baba."

"Changu?" Akapitisha kiganja kwenye bomba la juu, kutoka kwenye usukani mpaka kwenye kiti. Akarudia, polepole zaidi, kama anayetafuta swichi gizani. Uso ukazimika. "Hapana, dada. Inafanana tu. Yangu ina kibonyeo hapa. Mtoto aliangusha spana, akalia siku nzima. Walitaka kunizibia, nikawakatalia. Nikimkumbuka yule mtoto naweka kidole hapa."

Alama moja tu, ya pekee, na Fundi ameifukia kwa puti na kuipaka rangi nzuri. Aliitoa baiskeli yake ya kijani, akaamka alfajiri zote zile, akatengeneza mpaka akaharibu. Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akageukia ukuta, akalia kwa hasira, bila sauti, mikono ikiwa kiunoni.

Nyuma yake mzee hakuwa ameondoka. Alikuwa bado anaikagua baiskeli ya watu, kwa sababu fundi hapiti chombo bila kukikagua. Vidole vyake vilishuka kwenye utepe, vikafika mwisho wake, vikasimama.

"Nani kafunga hapa?"

Fundi alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Mimi."

"Unanidanganya." Alisema bila ubaya. Alikuwa anautafuta uzi kwa ukucha, akitafuta ncha ambayo haipo. "Hili fundo langu mimi. Nilimfundisha mtu mmoja tu. Alikuwa na vidole vidogo, akaja kunishinda."

Fundi aligeuka. "Nani huyo, baba?"

"Nati."

Jina lilitoka bila taabu yoyote. Mzee akainua macho, akamtazama mwanamke aliye mbele yake kwa upole ule ule wa kila siku, upole wa mtu na mgeni.

"Mwanangu huyo. Yuko wapi siku hizi, unamjua?"

Maneno yalimjaa kinywani. Alikumbuka mlango uliofungwa kwa ndani, na kilio kile.

"Namjua," alisema. "Yupo. Amechoka tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama aliyetegemea kusikia hivyo. "Ana kichwa kigumu yule. Haachi kazi mpaka umwambie." Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya fundo, kikilisugua taratibu. "Ukimwona, mwambie apumzike. Mwambie nimesema mimi."

"Nitamwambia," alisema Fundi, akavuta kigoda, akakaa.